Uzi: DNA inasema ni ya nani, haisemi ilifikaje pale

Kalamu Nyekundu (mleta mada)

Wakuu salaam.

Kila kesi kubwa ikitajwa humu, kabla ya ukurasa wa pili lazima mtu aandike "si wapime DNA tu, mchezo uishe". Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naweka uzi. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Msimamo wangu nauweka mapema tusizungushane. Kwa swali la "hii damu, haya mate, haya manii ni ya nani?", mahakama haijawahi kupata ushahidi mzuri kama DNA. Kwa swali la "yalifikaje pale, na lini?", DNA haina jibu. Na wengi walioumizwa na kipimo hiki waliumia kwa sababu mtu alichukua jibu la swali la kwanza akalibandika kwenye la pili.

Tuanze ilikotoka. Septemba 1984, Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, alikuwa anatazama filamu ya eksirei yenye DNA ya watu kadhaa, wakiwemo wa familia moja. Akaona mistari ambayo kila mtu ana yake, na mistari ya mtoto nusu inatoka kwa mama, nusu kwa baba. Mwaka uliofuata kipimo kikatumika kwa mara ya kwanza, na haikuwa jinai. Ilikuwa kesi ya uhamiaji, mtoto wa kiume ambaye serikali ilikuwa na shaka kama kweli ni wa mama anayedai kumzaa. Alikuwa wake.

Jinai ikafuata. Wasichana wawili wa miaka 15 walikuwa wamebakwa na kunyongwa kwenye vijiji jirani vya Leicestershire, mmoja 1983 na mwingine 1986. Polisi walikuwa na kijana wa miaka 17 aliyekiri kuua wa pili, ila wa kwanza akamkana. Wakapeleka sampuli kwa Jeffreys wakitarajia atawafungia kesi zote mbili kwa mkupuo. Majibu yakaja kinyume: aliyefanya ni mtu mmoja katika kesi zote mbili, na siye huyu kijana. Yaani mtu wa kwanza kukutana na DNA katika upelelezi wa mauaji alikuwa asiye na hatia, tena aliyekuwa ameshakiri. Bila kipimo kile sijui nani angemsikiliza.

Mwaka 1987 polisi wakaomba wanaume wa eneo hilo watoe damu kwa hiari. Wakajitokeza kama 5,000. Hakuna aliyelingana. Miezi ikapita, mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha mikate akajisahau baa, akawaambia wenzake kwamba alimtolea damu jamaa wa kazini kwao, Colin Pitchfork, kwa pasipoti iliyobadilishwa picha. Aliyesikia akaenda polisi. Pitchfork akakamatwa Septemba 1987, Januari 1988 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Hebu rudini mwangalie ni nini kilimkamata. DNA ilimwokoa kijana na ikathibitisha Pitchfork ndiye. Ila kumfikisha mbele ya sindano ilikuwa kazi ya mdomo wa mlevi.

Nimefungua mlango, karibuni.


Tochi

Siti ya mbele. Mkuu, hapo kwenye baa umenimaliza. Damu za wanaume elfu tano, halafu jamaa anadakwa kwa umbea!

Ila nina swali. Mtaalamu akipanda kizimbani akasema uwezekano ni mmoja kwa bilioni, wakili anabisha nini tena? Dunia nzima ina watu bilioni nane tu.


Benchi la Maabara

Nimefanya kazi hizi, nijibu nusu ya kwanza. Nusu ya pili nawaachia wanasheria, maana ndiko wanakoharibikiwa.

Hatusomi DNA yote ya mtu. Sehemu kubwa mno ya DNA inafanana kwa binadamu wote, kwetu haina faida. Tunakwenda kwenye sehemu chache ambapo kipande kifupi kinajirudiarudia, na idadi ya marudio inatofautiana mtu na mtu. Kila sehemu inakupa namba mbili, moja ya mama na moja ya baba: tuseme 14 na 17. Sehemu inayofuata 9 na 9. Kanzidata ya taifa ya Marekani ilianza na sehemu 13, na tangu Januari 2017 zikawa 20. Ukishapata namba zote unauliza kila jozi hujitokeza kwa watu wangapi, unazidisha, ndipo zinapotoka hizo bilioni na trilioni. Kwa hiyo Tochi, hiyo namba haikuokotwa. Doa la damu la mtu mmoja, limekaushwa vizuri, lina namba zote 20: mimi silibishii, na mtaalamu wa upande wa pili naye hatalibishia.

Matatizo yako chini ya hapo. Seli moja ina DNA ya takriban pikogramu 6, yaani sehemu 6 za trilioni ya gramu. Vipimo vya kawaida vinataka nanogramu moja (pikogramu 1,000) au nusu yake, maana yake seli mia au zaidi kidogo. Kidogo hicho tunakikuza kwa PCR, njia aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983 na kumpa Nobel mwaka 1993. PCR inadurufu tu, haijui thamani ya inachodurufu. Mpe seli kumi na tano zilizokwanguliwa kwenye mpini wa kisu, atadurufu, ila njiani namba moja itapotea na nyingine ambayo haikuwepo itachomoza. Sasa weka watu watatu walioshika kisu kile kile. Grafu inayotoka kwenye mashine ni vilima juu ya vilima, na hapo husomi tena, unatafsiri.

Na watafsiri hawakubaliani. Mwaka 2011 Itiel Dror na Greg Hampikian walichapisha jaribio moja ambalo kila hakimu angepaswa kulijua. Walichukua matokeo ya mchanganyiko kutoka kesi halisi ya ubakaji huko Georgia, Marekani, ambapo wataalamu wa awali walisema mshtakiwa hawezi kuondolewa kwenye mchanganyiko. Wakawapa wataalamu 17 wa maabara moja, bila kuwasimulia kesi. Mmoja tu ndiye aliyekubaliana na wale wa mwanzo. Wanne wakasema haiamuliki. Kumi na wawili wakasema mtu huyu hayumo.

Grafu ile ile, kemia ile ile. Kilichopungua ni hadithi ya upelelezi.

Siku hizi kuna programu kama STRmix na TrueAllele zinazopiga hesabu za mchanganyiko badala ya jicho la mtu. Zimesaidia sana. Ila bado mtu ndiye anayeiambia programu kuna wachangiaji wangapi kwenye sampuli, na ukikosea hapo umekosea mbele kote.


Wakili wa Jioni

Nusu ya pili naichukua.

Tuseme uwezekano ni mmoja kwa milioni, na nchi ina watu milioni 60. Sentensi sahihi ni hii: ukimwokota mtu yeyote barabarani asiyehusika, uwezekano wa DNA yake kulingana na doa ni mmoja kwa milioni. Sentensi mbovu ni hii: uwezekano kwamba mshtakiwa hana hatia ni mmoja kwa milioni. Zinasikika kama mapacha, wala si ndugu. Kwa hesabu hiyo hiyo, nchini humo kuna watu kama 60 wenye namba hizo. Kama huna kitu kingine chochote dhidi ya mshtakiwa, yeye ni mmoja katika sitini. Kama una kitu kingine, alionekana, simu yake ilikuwa pale, ana majeraha, hapo DNA inamaliza kazi.

Mahakama ya Rufaa ya England ililishughulikia hili katika kesi ya Deen mwaka 1993, ikalirudia kwa maelekezo kamili katika Doheny na Adams mwaka 1996. Mtaalamu anaruhusiwa kusema DNA ya aina hii hupatikana kwa watu kiasi gani. Haruhusiwi kusema uwezekano kwamba mshtakiwa ndiye aliyeacha doa. Hilo la pili ni la jopo la wazee wa baraza kuamua baada ya kusikia kesi nzima. Maelekezo yana karibu miaka thelathini na bado mawakili wanakaa kimya mtaalamu akivuka mstari mbele yao, kwa sababu wengi wetu tulikimbilia sheria tukiikimbia hesabu.

Kuna tukio la Uingereza la 1999 linalonyoosha mambo. Wizi wa kuvunja nyumba, doa likalinganishwa na kanzidata, likalingana na mtu mmoja kwenye sehemu zote 6 zilizokuwa zikipimwa wakati huo. Mmoja kwa milioni 37, walisema. Mtu mwenyewe alikuwa mgonjwa wa Parkinson, hawezi kutembea mbali, anaishi mamia ya kilomita kutoka eneo la tukio. Akashtakiwa hivyo hivyo. Wakili wake akang'ang'ania kipimo kirudiwe kwa sehemu zaidi, kikarudiwa, mtu akatoka. Polisi hawakudanganya, na maabara haikukosea kupima. Walichokosa ni kukumbuka kwamba ukichukua doa moja ukaligonganisha na mamia ya maelfu ya watu kwenye kanzidata, bahati mbaya inapewa nafasi mamia ya maelfu.

Tochi, hiyo ndiyo bilioni yako. Inategemea ulimpataje mtu: ulikuwa naye ukampima, au ulimvua kwenye bahari.


Tochi

Nimekuelewa wakili msomi. Ila hizo ni enzi za sehemu 6. Kwa sehemu 20 hoja yako si imekufa?


Wakili wa Jioni

Kwa doa safi la mtu mmoja, imekufa, nakubali. Kwa mchanganyiko uliopata namba nusu nusu, iko hai kabisa, kwa sababu sehemu 20 za kwenye kifurushi cha kampuni siyo sehemu 20 ulizopata kwenye sampuli. Soma ripoti. Mara nyingi utakuta 8 au 9.


Kalamu Nyekundu

Asanteni, sasa nirudi kwenye swali la pili, ndilo lililonifanya niandike.

Fikiria namba zote ziko sawa, mashine sawa, hesabu sawa, na DNA kweli ni ya mshtakiwa. Bado unaweza kumfunga mtu ambaye hajawahi kukanyaga pale.

California, Novemba 2012. Tajiri mmoja anavamiwa nyumbani kwake, anafungwa mdomo, anakufa. Chini ya kucha zake inapatikana DNA ya mwanamume mwingine. Kanzidata inamtaja jamaa asiye na makazi, mwenye rekodi ya makosa ya nyuma. Anakamatwa, kosa linaweza kumpa adhabu ya kifo. Yeye mwenyewe hakumbuki usiku ule alikuwa wapi, kwa sababu alilewa chakari, na anamwambia wakili wake huenda kweli alifanya. Miezi mitano mahabusu. Timu ya utetezi inafuatilia kumbukumbu za hospitali, inakuta usiku wa mauaji alikuwa amelazwa, chini ya uangalizi. DNA ilitembeaje? Wahudumu wa gari la wagonjwa waliombeba yeye jioni ndio hao hao walioitwa saa chache baadaye kwenye nyumba ya marehemu. Kinachodhaniwa ni kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni. Kilibana kidole cha mlevi, kikabana kidole cha marehemu.

Mtu huyo aliokolewa na karatasi za hospitali. Angelewa akalala vichakani je?

Ya Melbourne inauma zaidi, maana hiyo ilifika mpaka hukumu. Mwaka 2006 mwanamke alikutwa hana fahamu katika choo cha klabu ya usiku, mlango umefungwa kwa ndani. Akapelekwa kupimwa. Kwenye sampuli ikapatikana DNA ya kijana wa asili ya Kisomali. Hakuna shahidi aliyemwona ukumbini, hakuna kingine chochote kinachomhusisha. Kijana alisema usiku ule alikuwa nyumbani, baba yake mgonjwa mahututi, anamsomea Qur'an. Familia ikaja kutoa ushahidi. Mwaka 2008 akafungwa miaka 6.

Baadaye ndipo ikajulikana kwamba kama saa 28 kabla ya mwanamke yule kupimwa, chumba kile kile, daktari yule yule, alipimwa mwanamke mwingine katika jambo tofauti, na huyo ndiye aliyekuwa amekutana na kijana. DNA ikahama ndani ya chumba cha daktari. Akaachiwa Desemba 2009. Jaji mstaafu Frank Vincent akaandika ripoti mwaka 2010, na ukiisoma unaona kila mtu kwenye mnyororo, mpelelezi, mwendesha mashtaka, mpaka upande wa utetezi, alichukulia kwamba DNA ikishasema, maswali ya kawaida hayana kazi. Mlango ulifungwa kwa ndani! Aliutokaje? Hakuna aliyeona haja ya kuuliza.

Na kuna lile la Ujerumani ambalo lingekuwa kichekesho kama lisingekula miaka. DNA ya mwanamke mmoja ilikuwa inajitokeza kila mahali: mauaji, wizi wa kuvunja, magari yaliyoibwa, kisha mauaji ya askari wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Ujerumani, Austria, Ufaransa, matukio kama 40. Zawadi ya euro 300,000 ikatangazwa. Mwaka 2009 ikabainika mwanamke mwenyewe ni mfanyakazi wa kiwanda cha vijiti vya pamba ambavyo polisi walikuwa wanachukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimeuawa vijidudu. Kuua vijidudu hakuondoi DNA.


Bi Swali

Nimesoma kimya kimya mpaka hapa. Wanaume wa uzi huu mmejaza waliofungwa kimakosa, sawa, ni jambo kubwa. Lakini wapo wanawake ambao bila DNA wangeambiwa waongo mpaka leo. Mtu aliyebakwa akisoma hapa ataona hakuna haja hata ya kwenda kupimwa. Hebu semeni na upande huo.


Benchi la Maabara

Dada, uko sahihi kabisa, na nikwambie kwamba katika kazi zetu zote hakuna kipimo chenye nguvu kama cha manii kwenye kesi ya ubakaji wa mtu asiyejulikana. Sababu ni ya kikemia. Kichwa cha mbegu ya kiume kina ganda gumu kuliko seli za mwanamke. Tunaweka dawa inayoyeyusha seli za mwanamke kwanza, tunazitoa, kisha tunaongeza dawa nyingine inayovunja ganda la mbegu. Mchanganyiko unajitenga wenyewe, unabaki na DNA ya mwanamume karibu peke yake. Kwenye mpini wa kisu hatuna bahati hiyo.

Sasa ya kufanya. Wahi, ikiwezekana ndani ya siku 3, ingawa hata baada ya hapo nenda, kwa sababu wakati mwingine bado kinapatikana kitu, na matibabu ya kuzuia maambukizi hayasubiri. Usioge kwanza, usifue. Nguo weka kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa plastiki. Plastiki inafungia unyevunyevu, ukungu na bakteria wanakula DNA kabla sisi hatujaiona. Nguo ikiwa imelowa, ianikwe kivulini mahali safi ikauke ndipo ifungwe. Jua na joto ni maadui. Mfuko ufungwe, uwekwe lakiri, aandikwe nani kaupokea saa ngapi, na kila atakayeugusa baadaye asaini. Nimepokea sampuli nzuri sana ambazo hazikufika popote kwa sababu kati ya kituo na maabara kuna siku mbili ambazo hakuna anayejua mfuko ulikuwa kwa nani.

Na kama umeshaoga, usikate tamaa ukabaki nyumbani. Nenda.


Wakili wa Jioni

Niongeze moja kwa Bi Swali, na si habari njema. Kesi nyingi za ubakaji mtuhumiwa anafahamika: jirani, bosi, mpenzi wa zamani. DNA ikithibitisha ni yeye, atabadilisha maneno tu, "ndiyo, lakini tulikubaliana". Hapo maabara imemaliza kazi yake na kesi ndiyo kwanza inaanza. Ushahidi wa daktari kuhusu majeraha, mtu wa kwanza aliyeambiwa, ujumbe wa simu, hivyo ndivyo vitakavyobeba. Mpelelezi anayesubiri majibu ya DNA bila kukusanya hivyo anamwangusha mwathirika.


Bi Swali

Hilo la mwisho lingebandikwa kila kituo. Asanteni wote wawili.


Nahodha77

Mnazunguka. Suluhisho ni jepesi: kila mtoto akizaliwa achukuliwe DNA, iwekwe kwenye kanzidata. Asiye na hatia anaogopa nini? Yule muuaji wa watu wengi huko California, DeAngelo, alikaa zaidi ya miaka 30 mtaani kwa sababu hakuwa kwenye kanzidata.


Kalamu Nyekundu

Nahodha, DeAngelo ni mfano mzuri ila unakukata mkono. Alikamatwa Aprili 2018 bila kuwa kwenye kanzidata yoyote. Wapelelezi walipandisha DNA ya eneo la tukio kwenye GEDmatch, tovuti ambayo watu walikuwa wanatafutia koo zao, wakapata ndugu wa mbali, wakajenga mti wa ukoo mpaka wakamfikia yeye. Wakachukua DNA yake kwenye vitu alivyogusa na kutupa, ikalingana. Mwaka 2020 akakiri mauaji 13. Mzee alikuwa askari polisi zamani, kwa taarifa yako.

Hawa binamu wa mbali hawakuulizwa. Ukituma mate yako kutafuta ukoo, umetuma na ya watoto wa shangazi yako. Mimi kwa DeAngelo nashangilia, sina unafiki. Ila kwa wizi wa baiskeli, hapana.

Na "asiye na hatia anaogopa nini" nadhani umeshajibiwa na yule mlevi wa California. Kilichomtia mahabusu ni kuwemo kwenye kanzidata. Asingekuwemo, kile kibanio cha kidoleni kingezaa doa lisilojulikana, basi.


Wakili wa Jioni

Kisheria nchi zimekwenda njia mbalimbali. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Desemba 2008, katika S na Marper dhidi ya Uingereza, ilisema kuhifadhi DNA ya watu ambao hawakutiwa hatiani bila ukomo kunavunja haki ya faragha. Uingereza ikabadilisha sheria mwaka 2012. Marekani mwaka 2013, Maryland dhidi ya King, majaji 5 kwa 4 wakasema mtu akikamatwa kwa kosa kubwa polisi wanaruhusiwa kumpitishia kijiti shavuni, ni kama alama za vidole. Jaji Scalia, mhafidhina wa wahafidhina, alikuwa upande wa wanne walioshindwa na aliandika kwa hasira. Sijawahi kukubaliana naye mara nyingi. Siku hiyo nilikubaliana naye.


Nahodha77

Mmeniwekea kesi nzito, ila sijashawishika. Mnahesabu waliowekwa ndani kimakosa, hamhesabu waliouawa wakati muuaji yuko huru.


Tochi

Nahodha ana hoja hapo, tusimzime. 

La kwangu la mwisho: mapacha wanaofanana?


Benchi la Maabara

Kipimo cha kawaida hakiwatenganishi. Januari 2009 vito vya mamilioni ya euro viliibwa kwenye duka kubwa la KaDeWe, Berlin. Ikapatikana glovu yenye jasho, DNA ikalingana na mapacha wawili. Mmoja wao lazima alikuwemo, yupi? Wote wakaachiwa. Kuna njia ya kusoma DNA yote na kutafuta mabadiliko machache yaliyotokea baada ya yai kugawanyika, ila ni ghali na si ya kila siku. Alama za vidole za mapacha hutofautiana, kwa hiyo mwizi yule alifanya vizuri kuvaa glovu.


Karani wa Kale

Mimi nauliza jambo la masjala. Kesi ikishahukumiwa na rufaa zimekwisha, vielelezo hutunzwa mpaka lini? Nimeshuhudia vikichomwa kwa sababu stoo imejaa.


Kalamu Nyekundu

Karani, umegusa penyewe.

Kirk Bloodsworth alihukumiwa kifo Maryland mwaka 1985 kwa kumbaka na kumuua mtoto wa miaka 9. Mashahidi 5 walisema walimwona. Hukumu ikabatilishwa, akashtakiwa upya, akapewa maisha. Gerezani akasoma habari za kesi ya Pitchfork, akawaza kama kipimo kilimtoa kijana yule kinaweza kumtoa na yeye. Wakili wake akaanza kuulizia vielelezo. Jibu la kwanza: vimeshaharibiwa. Wakili hakukubali. Nguo ya mtoto ikaja kupatikana kwenye mfuko wa karatasi, ndani ya boksi, kwenye kabati la ofisi ya jaji aliyesikiliza kesi. Ilikuwa na doa dogo. Likapimwa, si la Bloodsworth. Akatoka Juni 1993, Mmarekani wa kwanza aliyewahi kuhukumiwa kifo kusafishwa kwa DNA.

Mwaka 2003 DNA ya kesi hiyo ikaingizwa kwenye kanzidata ikamtaja mtu, na mtu huyo akakiri mwaka uliofuata. Aliwahi kuwa gereza moja na Bloodsworth, wanafahamiana. Hapo Nahodha kanzidata imefanya kazi ninayoitaka mimi.

Zaidi ya watu 370 Marekani wamesafishwa kwa njia hiyo tangu 1989, na katika kesi kama 7 kati ya kila 10 kulikuwa na shahidi aliyesema "ndiye huyu". Wote hao walipatikana kwa sababu kuna kitu kilibaki stoo. Jimbo ambalo lilichoma halina takwimu ya waliobaki ndani.

Kwa hiyo jibu langu: kwa mauaji na ubakaji, kielelezo cha kibaiolojia kitunzwe angalau kwa muda wote ambao mtu yuko kifungoni. Hakihitaji nguo nzima wala boksi zima. Kipande kilichokatwa, kikakaushwa na kufungwa kwenye bahasha ya karatasi, kinakaa kwenye droo. Boksi la gauni na viatu lichomwe ukipenda, baada ya mtaalamu kukata kipande chake na kusaini.


Karani wa Kale

Bahasha kwenye droo tunaweza. Nitalipeleka kwa msajili kama pendekezo, nikipata majibu nitarudi kwenye uzi huu.